Kufuli ni ya bure, mlango uko wazi juu ya nini?

Vijana wenzetu, wandugu na wadada,

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Hatuwezi kuomba wakubwa wa nchi waeleze wanafanya nini na mali ya raia, halafu siku sisi tunakosa, tunanyamaza.

Toka siku ya posho asubuhi mpaka siku ya pili usiku, fomu yetu ya ushuhuda, ile munaandikamo habari za bariere, za kodi zisizo na risiti, za watu waliochukuliwa usiku, ilikuwa inapeleka maneno yenu wazi, bila kufichwa. Siku nne. Watu 11 waliandika katika siku hizo. Wengine waliweka jina na namba ya simu, juu sisi njo tuliwaambia kwamba fomu iko salama.

Ukituma maneno kwenye ukurasa usiofungwa na cheti cha usalama, ni kama kumpa motari karatasi isiyokunjwa apelekee mtu Beni. Motari anaweza kuisoma. Anayemshika motari kwenye bariere anaweza kuisoma. Anaweza hata kubadilisha mstari mmoja na wewe hutajua. Kwenye intaneti, motari ni mwenye Wi-Fi ya siberi, ni kampuni ya simu, ni kila mtu mwenye kukaa kwenye waya kati ya simu yako na seva. Hatusemi kwamba mtu alisoma. Tunasema alikuwa na njia ya kusoma, na hapa kwetu hiyo inatosha. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliingia katika état de siège mwezi wa Mei 2021, na tumeona wanaharakati, raia wasio na hata fimbo, wakihukumiwa na mahakama ya kijeshi.

Ilikuwaje? Tunaeleza yote, hata yale ya kutia haya, juu kuna mashirika mengi ya vijana yenye seva kama yetu na kosa kama letu likiwangojea.

Seva yetu ni ya kukodi, iko Ulaya, tunailipa na michango yenu. Cheti chake kinatoka kwa Let's Encrypt. Kinadumu siku 90, na programu moja, jina lake Certbot, inakifanya upya yenyewe zikibaki siku 30. Siku ya kukifanya upya, Let's Encrypt inauliza jambo moja tu: ni ninyi kweli wenye jina hili? Certbot inaweka faili ndogo kwenye seva, Let's Encrypt inakuja kuitafuta kupitia mlango namba 80, ikiikuta inatoa cheti kipya. Hakuna mtu anayegusa kitu. Ilifanya vile kwa muda mrefu bila kutusumbua, na njo ilitulaza usingizi.

Miezi miwili mbele ya ile posho, kamaradi wetu mmoja alisoma mahali kwamba mlango 80 ni mlango wa hatari, ule wa mawasiliano yasiyofichwa. Akaufunga. Nia yake ilikuwa nzuri, na sisi tulimpigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba Let's Encrypt inapitia hapo. Certbot ikawa inajaribu mara mbili kwa siku, mwezi mzima, inakuta mlango umefungwa, inaandika makosa katika faili ambayo hakuna mtu aliyeifungua. Sisi tulikuwa tunangojea barua pepe ya kukumbusha, ile Let's Encrypt ilikuwa inatuma cheti kikikaribia kuisha. Kumbe waliacha kutuma tangu Juni 2025. Na hata wangetuma, ingeenda kwa anwani ya kamaradi aliyehamia Kampala kwa masomo na ambaye, kwa haki yake kabisa, hafungui tena barua za harakati.

Siku ya posho cheti kikafa. Kila aliyejaribu kuingia alikuta onyo kwamba muunganisho wake si wa siri. WhatsApp zikaanza kulia: "Bamefunga ukurasa?" "Batukatia intaneti tena?" Mutu hawezi kuwalaumu waliouliza vile. Tulikatiwa Januari 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, tukakatiwa tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi. Kila kitu kikizima, tunafikiri ni mkono wa Kinshasa. Siku hii mkono ulikuwa wetu.

Kamaradi mwingine, akiwa kwenye harusi ya dada yake, na simu tu mkononi, alifungua tena mlango 80 na akaondoa ile amri inayosukuma kila mgeni aingie kwa HTTPS. Kiisha akaandika kwenye kundi: "Ingieni bila ile s, itafunguka." Ikafunguka kweli. Watu wakashukuru.

Na hapa njo panatuuma. Mlango 80 ulipofunguka, Certbot ilipata cheti kipya jioni ile ile. Yenyewe, bila kuombwa. Kabla harusi haijaisha kufuli ilikuwa imerudi. Lakini kiungo kisicho na s kilikuwa kimekwisha kuzunguka Butembo, Beni, mpaka Bunia, na seva haikuwa inasukuma tena mtu upande wa kufuli. Kwa hiyo zile siku zilizofuata tulikuwa na cheti kizima, kipya, na ushuhuda wa watu unapita pembeni yake. Hakuna aliyeangalia, juu ukurasa ulikuwa unafunguka, na ukurasa ukifunguka nani anauliza?

Tuliona siku ya pili usiku, dada mmoja mwanafunzi wa sheria alipotuuliza kwa nini kivinjari chake kinaandika "si salama" juu ya fomu yetu. Mwanafunzi wa sheria, munasikia. Sisi wenye diplome ya informatika tulikuwa tunajibizana kwenye kundi juu ya rangi ya bango.

Kurekebisha kulichukua chini ya nusu saa. Mlango 80 unabaki wazi, na kazi yake ni mbili tu: kumpokea Let's Encrypt na kumsukuma kila mtu aende kwenye HTTPS. Fomu ya ushuhuda haijibu kabisa kwa njia ile ingine. Tuliandika amri ya kujaribu, sudo certbot renew --dry-run, tukaona inapita. Sasa kuna watu wawili, si mmoja, wanaoangalia tarehe ya cheti kila siku ya kwanza ya wiki, na jina la wa tatu liko tayari kama mmoja atasafiri ao atakamatwa. Nyinyi wenye seva, hiyo amri ya kujaribu muiandike leo. Usingoje. Muda wa vyeti unaendelea kufupishwa kwa dunia nzima: makampuni ya vivinjari na watoa vyeti walikubaliana mwaka 2025 kwamba kuanzia Machi 2029 hakuna cheti kitakachopita siku 47. Anayefikiri atakuwa anafanya upya kwa mkono, atachoka.

Tumemaliza kuosha nguo zetu. Sasa tuangalie uwanja wa jirani.

Wengi kati yetu tuko na diplome na hatuna kazi, munajua. Kila mara tangazo la kazi linapotoka, tunakimbia kupiga skani ya dosie ile ile, tunalipa siberi, tunatuma. Hivi karibuni idara moja ya serikali ilifungua fomu ya kuomba kazi kwenye intaneti. Hatuitaji jina leo, tumewapa muda mpaka mwisho wa mwezi. Fomu inaomba picha, karte ya uchaguzi pande zote mbili, diplome, namba ya simu, jina la baba, jina la mama, na kijiji cha asili. Anwani yake inaanza na http. Hakuna s. Hakuna cheti hata kilichokufa.

Fikirieni hiyo orodha tena. Karte ya uchaguzi njo kitambulisho ambacho wengi wetu tuko nacho, hatuna kingine. Na kijiji cha asili, katika jimbo hili, wote tunajua ni swali la namna gani. Kuna watu waliouawa juu ya jibu la swali hilo. Na vijana wanalituma wazi kutoka Wi-Fi ya siberi, juu wanatafuta kazi ya kupanga karatasi katika biro.

Tuliwaandikia kwa heshima. Walijibu, tunawashukuru kwa kujibu, kwamba bajeti ya usalama wa informatika haijatoka.

Bajeti gani? Cheti cha Let's Encrypt ni franka sifuri. Kilifunguliwa kwa watu wote Desemba 2015 na shirika lisilotafuta faida la Marekani, Internet Security Research Group, na kati ya walioanzisha kazi hiyo kulikuwa Mozilla, Electronic Frontier Foundation na Chuo Kikuu cha Michigan. Mbele ya hapo mtu alilipa dola kila mwaka kwa kila jina, na wenye tovuti ndogo walibaki wazi juu hawakuwa na hiyo dola. Leo mamia ya mamilioni ya tovuti ziko na cheti chao. Kwenye seva ya kawaida ya Linux, mtu anayejua anafanya anamaliza kabla chai haijapoa. Tuko hapa Butembo vijana ishirini wa kufanya hiyo kazi bure, na idara ile itupe tu barua ya kuingia mlangoni.

Kuna pia wale wanaouza. Mtu anakuja na kravati katika biro ya shirika ao ya paroko, anauza cheti kwa dola mia mbili, anasema kile cha bure ni dhaifu. Ni bongo. Maneno yanafichwa kwa namna ile ile. Cheti cha kulipia kinaweza kuleta karatasi zaidi juu ya nani mwenye kampuni, na kwa banki labda hiyo ina maana. Kwa fomu ya dosie haina.

Sheria haikosekani. Katiba yetu, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya siri na ya mawasiliano yake kubaki siri. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Code du numérique, na ndani yake serikali yenyewe imeandika juu ya kulinda data za mtu. Ile sheria imetumika mbio sana siku za kuwatafuta waandishi wa habari. Tunaomba itumike na upande huu.

Lakini tusidanganyane kwamba kufuli inamaliza mambo yote. Inaficha unachoandika, haifichi umeenda kwa nani: kampuni ya simu bado inaweza kuona jina la tovuti uliyoingia. Ukikamatwa na simu imefunguka, cheti hakikusaidii kitu. Na cheti kinathibitisha jina la tovuti, hakithibitishi moyo wa mwenyewe. Wale wezi wanaotangaza kazi za ONU za uongo na kuomba dola 30 za dosie, nao wanachukua cheti cha bure kama sisi. Ni kwa sababu hiyo Chrome iliondoa ile picha ya kufuli mwaka 2023 na kuweka alama ingine, watu walikuwa wanaiona na kufikiri ukurasa ni wa kweli. Kwa hiyo, soma jina herufi kwa herufi. Herufi moja ikiongezeka, si sisi.

Jambo la pili: usiingize cheti kwenye simu yako eti juu mtu amekuambia. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwaomba raia waingize cheti cha serikali katika simu na kompyuta zao, wakiambiwa ni kwa usalama wao. Mwenye cheti hicho angeweza kukaa katikati na kusoma kila kitu, na kivinjari kisingelalamika. Mwezi wa Agosti mwaka ule Google, Mozilla na Apple walikizuia. Iran hawakuombwa hata ruhusa: mwaka 2011 wezi waliingia katika kampuni moja ya Uholanzi ya kutoa vyeti, DigiNotar, wakatengeneza cheti cha uongo cha Google, na kikatumiwa kusoma barua za watu wa Iran. Vivinjari viliacha kuiamini DigiNotar, na mwezi ule ule wa Septemba kampuni ikafilisika. Kila mara simu yako inaposema "naamini," kuna mtu fulani mahali fulani aliyeweka sahihi, na mtu huyo anaweza kuibiwa.

Tangu siku zile wameongeza mashahidi. Kila cheti kinachotolewa kinaandikwa katika daftari za wazi, na mtu yeyote anaweza kwenda kwenye crt.sh, kuandika jina la tovuti yake, na kuona vyeti vyote vilivyotolewa kwa jina hilo. Tuliangalia letu: ni Certbot yetu tu. Lakini kisu hicho kinakata pande mbili. Mukifungua sehemu ya siri ya tovuti na kuipa jina la maandamano yanayokuja, mukaiombea cheti chake, jina linaingia katika daftari, na anayetaka analisoma mbele ya raia. Tunajua kundi moja lililofanya hivyo. Lisome hapa litacheka.

Kwa wale wenye simu za okazio: kama iko na Android chini ya 7.1, inaweza kukuonyesha onyo hata kwenye tovuti yetu ikiwa nzima, juu tangu mwaka 2024 simu hizo hazitambui tena sahihi ya Let's Encrypt. Firefox inakuja na orodha yake yenyewe ya watoa vyeti, kama simu yako bado inaikubali jaribu hapo. Ikikataa, usibonyeze "endelea". Muone mtu wetu wa kartie, ataandika ushuhuda wako kwa simu ingine mbele yako na atafuta mbele yako. Tunajua hiyo ni kazi na ni kutembea. Ukizoea kubonyeza "endelea" kila siku juu ya simu nzee, siku mtu atakapokuwa katikati kweli utabonyeza vilevile.

Kwa kamaradi wenye kushika seva katika miji ingine: faili ya privkey.pem haitumwi kwa WhatsApp, haitumwi kwa barua pepe, haikopiwi kwenye USB ya mutu. Ile ni ufunguo wenyewe. Ile ingine, fullchain.pem, hata uibandike kwenye ukuta wa komine hakuna shida. Mwezi wa nane mtu wetu alituomba "cheti" na tulikuwa karibu kumtumia vyote viwili.

Sasa wale 11. Tumewafikia 7. Tumewaeleza uso kwa uso, na hakuna tuliyempigia simu kuzungumza mambo haya. Wawili walikasirika na wako na haki. Mama mmoja, muuza samaki, alituuliza: "Sasa baba, ile karatasi yangu bariliisoma ao hawakuisoma?" Tulimwambia hatujui. Akanyamaza, kiisha akauliza kama abadilishe njia ya kupita sokoni. Tulikubaliana naye kwamba kwa sasa apite ingine.

Wanne hawakuacha namba, ao namba haipatikani. Kama uliandika kwenye fomu yetu kati ya siku ya posho asubuhi na siku ya pili usiku, na hakuna mtu wetu aliyekuja kukuona, mtafute unayemjua kati yetu. Usitumie simu. Mwambie tu siku uliyoandika, usimrudilie ulichoandika. Biro iko wazi kila siku mpaka saa kumi na moja, na siku ya yenga kiisha misa.

Imefanyika Butembo.